Kompyuta Iliyomzika Bukuru

Mliokuwa nasi juma lililopita mnakumbuka tulipomwacha Assia. Kakaa mkekani Buterere, pembezoni mwa mji, matangani, sahani ya maharage ya kufuturia mapajani, na kila mama anayeingia anampa mkono wa shukrani. "Asante, mwanangu, kwa kutuletea habari. Heri kujua kuliko kungoja." Naye anaitikia kwa adabu zote za Buyenzi, "Mungu awape subira."

Aliyechelewa kujiunga nasi nimfupishie, maana mikosi ya mwanamke huyu ikielezwa yote gazeti halitabaki na nafasi ya mpira.

Assia ni mtoto wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili mjini, kazaliwa humo na kuolewa humo. Mumewe Djibril, fundi magari, alitoka kujaribu gari la mteja kwenye barabara ya kaskazini. Gari likaonekana, yeye hakuonekana. Kisha ule mwaka wa elfu mbili na tatu, mabomu yaliponyesha mjini, paa la nyumba yake likaenda. Na yeye angekwenda nalo kama si Caritas.

Caritas alikuwa muuza mboga za lengalenga tu, anapita na beseni lake kichwani. Bomu lilipolia alilitupa beseni, akamvuta Assia mferejini, akamlalia juu. Hawakujuana hata majina. Vumbi lilipotulia akaanza kuokota mboga zake, akauliza, "Mama, hauna mutu unajua, wa kutafuta watoto? Mi nilipoteza mumoja."

Assia alikuwa naye mtu huyo. Alikuwa ni yeye mwenyewe.

Kazi yake ilikuwa mtaa wa Kinindo, katika shirika la kuwatafuta watu waliopotezana kwa vita. Jina la shirika nalihifadhi, sina hela ya wakili. Assia alikaa mbele ya kompyuta akiingiza majina: nani anatafutwa, katoka kilima gani, maana kwetu kijiji huitwa kilima, mama yake nani. Ghala lile la majina pale ofisini waliliita baze. Akaingiza na jina la mtoto wa Caritas: Bukuru.

Sasa wasomaji wetu walio mbali na nchi hii wanielewe hapa, la sivyo watapotea. Burundi mapacha hawatafutiwi majina. Anayetangulia kutoka ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi, na atakayezaliwa baada yao ni Ciza. Simama sokoni uite Bukuru, nusu ya soko itageuka. Na mama yao, hata kama padri alimbatiza jina zuri namna gani, mtaani ataitwa Mama Bukuru mpaka kufa.

Caritas alikikimbia kilima chao na Butoyi mgongoni. Bukuru, mtoto wa miaka sita, alikuwa akikimbia pembeni yake, akachanganyika na watu kwenye migomba, basi. Na jirani yao Odette yalimkuta hayohayo njia ileile. Yeye Butoyi wake alikuwa amekufa kwa surua tangu mchanga, akabaki na Bukuru, na huyo Bukuru naye akapotelea kwenye kundi lilelile. Wanawake wawili, kilima kimoja, watoto wa umri mmoja. Walipofika Buterere wakajenga vyumba viwili vya udongo vyenye ukuta mmoja katikati, wakawa wanangoja pamoja.

Ndipo barua ikaja kwa Caritas. Bukuru amefariki kambini, Tanzania, kwa kuhara. Assia aliipeleka mwenyewe, akaisoma mwenyewe.

Msibani, aliyepika ni Odette. Aliyefagia ni Odette. Siku Caritas aliponyolewa kichwa, kama wanavyofanya wafiwa, Odette alikaa chini karibu yake akasema, "Nyoa na mi. Sitamuacha alie peke yake." Nywele zake zikaanguka juu ya za mwenzake. Kisha akamfuata Assia mlangoni, kipara kinang'aa juani.

"Na wangu, Assia? Hakuna habari?"

"Bado, mama. Wa kwako bado."

Tuliishia hapo. Leo sina la kuwafariji.

Idi ilipopita, lori lilileta watoto kutoka kambi za Tanzania, wale waliovuka mpaka bila mzazi. Wakateremshwa kwenye kituo cha muda, wapewe uji na kuandikwa upya. Assia alitumwa kwenda kuwaandika.

Watoto wakashuka mmojammoja, wamejaa vumbi hadi kwenye kope. Assia alikuwa hainui kichwa. Jina? Kilima? Mama? Jina? Kilima? Mama? Kisha akaona miguu miwili imesimama mbele yake, akainua macho, akakasirika.

"Butoyi, nani kakuleta huku? Mama yako anajua?"

Masikio yaleyale yaliyosimama, kidevu kilekile. Mtoto aliyekuwa akimpa maji ya kunawa kila akifika Buterere.

Mtoto akamtazama kwa mshangao. "Mi si Butoyi," akasema. "Butoyi ni mudogo wangu."

Assia akaweka kalamu chini.

"We ni nani?"

"Bukuru."

"Mama yako anaitwa nani?"

"Mama Bukuru."

"Jina lake lingine?"

Mtoto akafikiri. "Kwetu wanamwita hivyo tu."

Assia akamkalisha kwenye benchi, akampa uji, akatoka nje nyuma ya choo, akalia. Msidhani alilia kwa furaha. Furaha ilikuja baadaye kidogo, na haikukaa. Kilichomjia kwanza ni mkono wake wa kulia, kidole kimoja cha mkono huo, na siku ile programu mpya ilipoingizwa kwenye kompyuta za ofisi.

Haya sasa, siku hiyo niwape kama alivyonipa. Alinieleza chai ikipoa mbele yake. Nilimuuliza kama nibadilishe jina lake, akasema, "Jina langu limeshakaa ndani ya mashine. Likae na gazetini."

Ilikuwa mwanzo wa Ramadhani. Mtaalamu alikuja na CD zake kutoka Nairobi, akaiweka programu mpya mahali pa ile ya zamani, akala mishikaki, akaondoka na ndege ya jioni. Mkuu wa ofisi, Térence Ciza, ambaye wote walimwita chef, akawakusanya wafanyakazi. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeletewa gari jipya.

"Nouvelle version hii, programu mupya, itatupumzisha," alisema. "Munajua namna watu wanajiandikisha mara mbili, mara tatu? Sasa yenyewe inawatafuta, inawaunganisha, mutu mumoja faili moja. Na barua ya familia inaandika yenyewe, sisi ni kutia sahihi. Na mutu akikufa, faili yake inajifunga na kufuli, hakuna wa kuichezea tena."

"Tukikosea, chef?" aliuliza mmoja.

"Utakosea namna gani? Kila kitu unabonyeza, jina lako linabaki ndani. Utakuwa na adabu."

Wakacheka. Assia naye alicheka.

Kazi ya kwanza ikampata yeye. Mashine ilitoa watu iliowashuku, wawiliwawili, na kila wawili inauliza: Je, huyu ni mtu mmoja? Chini yake vitufe vitatu. Ndiyo. Hapana. Ndiyo kwa yote. Haikujali sauti wala sura; ilitazama jina, kilima, mwaka wa kuzaliwa, jina la mama. Vinne hivyo vikifanana, kwake ni mtu mmoja aliyejiandikisha mara mbili apate blanketi la pili.

Asubuhi alikwenda polepole. Wakifika akina Bukuru anasimama, anakumbuka nyuso za mama zao, anabonyeza Hapana. Hapana. Hapana. Akina Bukuru hawaishi. Saa tisa Térence akaja kusimama nyuma ya kiti chake.

"Assia, wafadhili wanafika kesho. Wataka kuona baze iko safi. Uko wapi?"

"Chef, ma-Bukuru iko mingi sana. Kila mumoja namutazama."

Térence akacheka. "Unaniambia mi habari ya ma-Bukuru? Mi Ciza? Mi nilifuata yao mu tumbo." Kisha akaacha kucheka. "Bonyeza ile ya mwisho, tumalize. Yenye itaharibika tutarekebisha. Na mambo ya contrat yako, nitaongea nao kesho."

Contrat, mkataba wa kudumu. Mjane asiye na paa, mwaka mzima anafanya kazi ya muda. Mngefanyaje? Msinijibu, najua mtakavyojibu, kila mtu ni mtakatifu akiwa na gazeti mkononi. Mimi mwenyewe nilimpa kisingizio, nikamwambia ilikuwa swaumu, macho yalikuwa mazito. Akakataa. "Swaumu haina kosa," alisema. "Nilijua. Mikono ya mutu inajua ikifanya kitu kibaya."

Alibonyeza. Ndiyo kwa yote. Skrini ikawa nyeupe kitambo, ikarudi, safi kama sahani iliyooshwa.

Kwa hiyo Bukuru wawili wa kilima kimoja, mwaka mmoja, wote wameandikwa watoto wa Mama Bukuru, maana ofisini mama aliandikwa jina ambalo mtoto angelitaja, wakawa Bukuru mmoja. Faili ikabaki kwa mama aliyetangulia kujiandikisha, yaani Caritas. Ile ya pili ikamezwa. Habari ya kifo ilipotoka kambini, programu ya zamani ingemlazimu Assia ajiulize: ni yupi? Hii mpya haikuwa na cha kuuliza. Ikafunga kufuli, ikachapa barua.

Turudi kituoni. Assia alinawa uso, akapanda teksi mpaka Kinindo, akaingia kwa Térence bila kubisha.

"Chef, Bukuru wa Caritas ni muzima."

"Caritas gani?"

"Wa Buterere. Tulimupa barua ya kifo. Mutoto iko kituoni, anakunywa uji."

Térence akainuka, akafunga mlango. Akaketi, akaitafuta faili kwenye kompyuta yake. Ikaja, na mstari mwekundu juu: Amefariki. Faili imefungwa.

"Fungua, chef."

"Haifunguke. Kufuli iko Ulaya, kwa wakubwa wetu."

"Basi andikia Ulaya."

"Nimeshaandika." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akavua miwani. "Unafikiri huyu ndiye wa kwanza?"

Assia akavuta kiti, akaketi.

"Iko wengine," Térence akasema. "Wanashuka mu lori na sisi tumeshawazika. Niliandika, wakanijibu wataangalia mu version yenye kuja. Sasa nikisema hapa mjini kwamba barua zetu ni za uongo, wale mama wote watakuja mulangoni. Wenye walilia na wenye wanangoja. Tutawaambia nini? Ofisi itafungwa. Na wale watoto wazima kabisa, wenye hatujakosea, nani atawarudisha kwa mama zao?"

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: mtu huyu hakuwa mwovu. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala. Lakini akafanya jambo moja ambalo mimi siwezi kumsamehe. Aliigeuza skrini ielekee kwa Assia, akaonyesha mstari wa chini kabisa. Waliounganishwa: wote. Aliyeunganisha: ASSIA.

"Chef, ni we ulisema."

"Mi nilisema na mdomo. Mashine haisikii mdomo."

Nje mtunza bustani alikuwa akikata nyasi.

"Na mutoto?" Assia akauliza.

"Yeye hana faili. Wasio na faili wanapelekwa kesho asubuhi kwa kituo cha yatima, huko bara. Atakula, atasoma. Tukipata njia tutamufuata."

"Yatima? Mama yake iko, ndiye alinilalia juu mabomu yakianguka."

"Assia. Nenda nyumbani, upumzike. Usiongee na mutu."

Alitoka. Nyumbani hakwenda. Uani alimkuta Anouar, dereva wa ofisi, mtoto wa Buyenzi kama yeye, anapakia mablanketi.

"Gari inaenda wapi?"

"Kituoni."

"Nipeleke. Halafu unipeleke Buterere, na mutoto mumoja."

Anouar akamtazama. "Uko na ruhusa ya chef?"

"Apana."

"Karatasi?"

"Apana, Anouar. Sina kitu."

Anouar akatupa blanketi la mwisho ndani, akafuta mikono kwenye suruali. "Mumeo ndiye alinifundisha kushika usukani," akasema. "Panda."

Kituoni mlinzi alimzoea Assia, hata hakuuliza. Akamshika mtoto mkono, wakatoka kama watu waendao dukani. Garini Bukuru alikaa katikati yao, anayatazama magurudumu ya baiskeli barabarani. Walipopita daraja akauliza, "Unanipeleka wapi?"

"Kwa mama yako."

"Walisema mama yangu haiko mu mashine."

"Iko Buterere," Assia akasema. "Iko nyumbani."

Mtoto hakucheka wala hakulia. Alikuwa ameshaahidiwa mengi. Alikunja tu vidole vyake juu ya magoti, akavikaza, akabaki hivyo.

Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari. Mmoja akaingiza kichwa dirishani, akamtazama mtoto, akamtazama Assia.

"Mutoto wa nani?"

Anouar akafungua mdomo, Assia akamtangulia. "Ni wa jirani yangu. Alipotea, nimemupata."

Askari akamgeukia mtoto. "Unamujua mama huyu?"

Bukuru akamwangalia Assia muda mrefu kuliko mwanamke alivyopenda. "Ananijua yeye," akajibu.

Askari akacheka, akainua kamba.

Buterere mvua ilikuwa imenyesha. Gari likashindwa kwenye tope kando ya mashamba ya mpunga, wakashuka, wakaenda kwa miguu kwenye kingo. Assia alitangulia, amemshika mtoto mkono. Alipanga maneno, akayapangua. Niliua mtoto wako, huyu hapa. Utasemaje hivyo kwa mtu?

Aliyewaona kwanza ni Butoyi. Alikuwa anatoka kuteka maji, kidumu mkononi. Akasimama. Bukuru naye akasimama. Wakatazamana, mmoja na kaptula ya kambini, mwingine na shati la shule. Kisha Butoyi akaweka kidumu chini taratibu, asimwage maji, akageuka, akakimbia ndani.

Caritas akatoka, kichwa bado cha kunyolewa. Akaona. Akarudi nyuma hatua moja, mgongo ukagonga mlango.

"Apana," akasema. "Apana, Assia. Mi nimeshamulilia."

"Caritas..."

"We ulinisomea barua. Ulikaa pale, ukanisomea. Mi nimelia, nimenyoa, nimemwaga maji ya matanga. Sasa unaniletea nini?"

Assia akapiga magoti topeni, gauni lake la ofisi na vyote. "Barua ilikuwa ya uongo. Mashine ilifanya watu wawili kuwa mumoja, na ni mi niliiambia ndiyo. Ni mkono wangu, Caritas. Si wa mutu mwingine. Nipige ukitaka. Mutoto wako ni muzima."

Caritas hakumpiga. Sidhani hata alimsikia. Mtoto alikuwa amepiga hatua mbele, na sauti yake, iliyokuwa kavu siku nzima, ikapasuka.

"Mawe," akaita. Mama, kwa lugha ya kwao.

Caritas alianguka alipokuwa, akatambaa, naam, akatambaa kwenye tope lile kama mtoto mchanga, akamfikia, akamshika miguu kwanza, kisha magoti, kisha tumbo, anampanda kwa mikono kama anayehakikisha hakuna kipande kilichopungua. Akaficha uso wake tumboni mwa mtoto. Sauti iliyomtoka Assia anasema hajaisikia tena, na hataki kuisikia.

Vigelegele vikapigwa. Wa kwanza kuvipiga, mnamjua. Odette alitoka chumbani kwake na unga mikononi, akapaza sauti mpaka wa ng'ambo ya mashamba wakainuka kutazama. Akacheza. Akamnyanyua Butoyi akamzungusha. Akamkumbatia Assia palepale topeni, akampaka unga mabegani.

"Mungu akupe vyote, Assia. Umemutoa mutoto kaburini."

Assia alitaka kusema. Hapo ndipo lilipomjia jambo lingine, na nisiwadanganye kwamba lilimjia mapema. Tangu asubuhi alikuwa na mtoto mmoja tu kichwani, na mama mmoja. Sasa alikitazama kile kipara cha Odette karibu na uso wake, nywele zimeanza kuota kama mchanga mweusi, akajua ni kipara cha mfiwa.

Majirani walijaa. Mtu alileta kigoda, mtu akaleta pombe ya ndizi. Caritas alikuwa ameketi chini na watoto wake wawili, mkono huku na mkono huku, anatazama huyu, anatazama yule. Alipomwona Assia akasema kwa utulivu, "Nitakuuliza kesho. Leo niache niwashike."

Odette akaleta beseni la maji ya moto amwoshe mtoto miguu. Akachuchumaa mbele yake, anasugua tope la vidoleni.

"Umekuwa mukubwa," akamwambia. "Unanikumbuka? Mulikuwa munacheza kwangu, we na Bukuru wangu. Mulikimbia pamoja ile siku. Hamukuonana huko mbele?"

Mtoto akaacha kutabasamu.

"Tulikuwa naye," akasema. "Kambini. Tulilala mu hema moja."

"Ehee. Na yeye alipanda lori gani?"

Mtoto akamtazama mama yake. Caritas alikuwa akicheka kitu na jirani, hakuwa amesikia.

Mkono wa Odette ukaendelea kusugua mguu uleule uliokwisha takata. Akawaza. Assia alimwona akiwaza, kila hatua, na hakuwa na nguvu za kumzuia. Barua ilikuja. Ilisema Bukuru wa kilima chao. Ilisema amekufa. Na Bukuru huyu mguu wake huu hapa, una joto.

Odette akainua uso.

"Assia," akasema, polepole, bila hasira yoyote. "Sasa yule mwenye alikufa, alikuwa Bukuru wa nani?"

Assia akaangalia tope la magotini pake. Odette akangoja. Kisha mkono wake mmoja, umelowa maji na tope, ukapanda wenyewe mpaka kichwani, ukakaa juu ya kile kipara alichokinyoa kwa ajili ya mtoto wa mwenzake.

"Mama Bukuru," mtoto akaita kwa sauti ndogo.

Wanawake wote wawili wakageuka. Mtoto hakuwa anamwita mama yake.